Mstari wa Sitini na Tano

Mimi ndiye niliyeuchora.
Nina kiti, nina taa, nina kalamu ya kompyuta isiyo na wino,
na kanuni ya mji, kurasa mia moja na kumi,
isemayo kelele ikizidi desibeli sitini na tano
pasijengwe shule, pasijengwe hospitali,
wala nyumba mpya ya kulala mtu;
maghala ruksa, gereji ruksa,
na makaburi, ambayo hayaleti malalamiko.

Ndani ya mstari: madirisha ya vioo vitatu, uwanja wa ndege unalipa.
Nje ya mstari: pole.

Kompyuta iliupinda laini kama ukingo wa yai.
Haikuujua Mtaa wa Brzozowa.
Mstari uliingia namba kumi na tisa kwa dirisha la jikoni,
ukakata meza,
ukatokea ukutani, hatua moja kabla ya chumba cha kulala.

Bi Bogumiła Wrona alikuja Jumatatu, theluji mabegani
(ukoo wake, kwa lugha ya huku, maana yake kunguru),
akatua juu ya ramani yangu mtungi wa matango ya chumvi.
Nikamwambia haturuhusiwi kupokea zawadi.
"Si zawadi. Ni shahidi.
Ngoja saa nne na dakika kumi,
usikie kifuniko kinavyolia."

Tukangoja. Saa nne na kumi, na kumi na tano.
Kifuniko hakikusema kitu.
Ofisi yetu iko upande wa pili wa mji.
"Umeona?" akasema. "Hapa kwako kimetulia."

Nikamweleza habari ya wastani:
kwamba tunachukua mwaka mzima, mchana na usiku,
usiku tunauongezea uzito,
kisha tunagawa.
Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.
"Yaani nikizabwa kofi saa tisa usiku,
ukaligawa kwa saa ishirini na nne,
nimepapaswa?"

Mwenye kelele hana neno, walisema wahenga.
Huyu wa angani ana neno,
ana wakili, ana ratiba.

Machi mafundi wakaenda.
Wakafunga vioo vitatu jikoni, wakapiga silikoni, wakapiga picha.
Chumba cha kulala wakakiacha na mbao zake zilizopinda.
Jirani, Zenon Kulesza, aliyetaka kufungua chekechea,
alinyimwa kibali kwa barua niliyoiandika mimi.
Sasa anauza matairi.
Tairi halilali mchana.

Naye Bi Wrona akahamisha kitanda.
Alikisukuma peke yake, futi kwa futi,
mpaka ndani ya sheria,
kati ya jiko la gesi na rafu ya mitungi.

Nilikwenda kukagua mwezi wa Mei.
Korongo alikuwa amerudi kwenye nguzo ya umeme,
amejenga ndani ya mstari, bila kibali, vijiti vitupu.
Ndege anatua.
Juu yake, ndege inatua.
Herufi moja tu baina yao, na bomba nne za moto.

Nikaweka kipimo mezani, dirisha limefungwa.
Thelathini na moja.
Nikaandika: limefaulu.

"Unalala sasa?"
"Nasikia friji ikifikiri. Nasikia goti langu.
Ile ya saa tisa haiji tena kuniamsha,
basi naamka mwenyewe kuingoja."
Akalifungua dirisha, upana wa kidole,
na namba kwenye kipimo zikaanza kupanda ngazi.
"Hilo usiliandike."

Sikuliandika.
Mlangoni akanikabidhi mtungi, sikuuliza ni zawadi au ni shahidi.
Uko ofisini, juu ya ramani,
karibu na pale mstari unapopinda.
Kila saa nne na dakika kumi nausogezea sikio.